Anayezuia riwaya za vijana, je, amezisoma?

Mleta hoja, Nkuhungu

Naleta hoja hii nikiwa na maslahi ndani yake, na ni vizuri niyataje mapema. Nina umri wa miaka 41, ni karani wa masjala katika ofisi moja ya Mji wa Serikali, Mtumba, hapa Dodoma, na ninapenda kusoma riwaya za vijana. Simsomei mtoto wala simkagulii mtu. Nazisoma kwa raha zangu, kwenye basi la asubuhi na tena jioni nikibahatika kupata kiti. Nyingi nazipata kwa wauzaji wanaotandika turubai chini, ndiyo maana wenzangu ofisini husema kwamba Mtumba nafanya kazi na mtumba nasoma.

Ninaposema riwaya za vijana nina maana ya hadithi ndefu zilizoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa miaka 12 hadi 18 hivi, ambazo mhusika wake mkuu ni wa rika hilo hilo na mambo yanaonekana kwa macho yake, si kwa macho ya mtu mzima anayekumbuka ujana wake. Kwangu utamu wake uko hapo. Kijana wa kwenye riwaya hizo hana fedha, hana sauti nyumbani, hajui mambo yatakwishaje, na karibu kila kosa analolifanya ni la kwanza maishani mwake, kwa hiyo mwandishi hahitaji kwenda mbali kutafuta cha kumshikilia msomaji. Mmarekani S. E. Hinton, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa waasisi wa fasihi hii, alichapishiwa riwaya yake ya kwanza mwaka 1967 akiwa na miaka 18, baada ya kuchoshwa na vitabu vya vijana vya wakati wake ambavyo havikufanana na maisha ya wanafunzi aliowajua.

Hoja yangu ni kwamba mtu mzima, awe mzazi, mwalimu au ofisa, asimzuie kijana riwaya ambayo yeye mwenyewe hajaisoma, tena hadi ukurasa wa mwisho.

Kilichonisukuma ni jambo la muhula huu. Binti wa dada yangu, aliye kidato cha tatu katika shule moja ya bweni mkoani hapa, alinyang'anywa riwaya siku ya kufungua shule wakati wa ukaguzi wa matranka. Aliyempa riwaya hiyo ni mimi. Jalada lake lina picha ya mvulana na msichana walioketi kwenye ngazi, hata mikono hawajashikana, lakini picha hiyo ilitosha. Nilipokwenda kukichukua kitabu hicho nilikikuta kwenye droo pamoja na simu mbili, kopo la krimu ya kujichubua na pakiti ya sigara. Nilimuuliza aliyekitwaa kinahusu nini, naye akanijibu kwa upole kabisa kwamba kinahusu mapenzi. Kitabu kile kinahusu msichana aliyeachiwa wadogo zake baada ya mama yao kulazwa hospitali, na mvulana wa kwenye ngazi ni kaka yake.

Najua kwamba nagusa jambo zito. Februari 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilipiga marufuku vitabu 16 katika shule za umma na za binafsi kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume cha mila, desturi na maadili yetu, na miongoni mwake ulikuwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney, ambao ni shajara ya mvulana wa shule iliyojaa vibonzo. Sibishani hapa na marufuku ile, kwa sababu wizara ina wajibu wake na ilitoa orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuihoji. Kinachonisumbua ni marufuku isiyo na orodha, ile inayotolewa mlangoni mwa bweni kwa kutazama jalada.

Wala tusijidanganye kwamba mambo mazito ni mageni kwa wanafunzi wetu. Kilio Chetu, tamthilia iliyofundishwa kidato cha tatu na cha nne kwa miaka mingi, inahusu vijana wanaokumbwa na UKIMWI huku wazazi wakibishana kama elimu ya jinsia inawafaa watoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo iliweka miaka 15 kuwa umri wa chini wa msichana kuolewa. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2019 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, lakini kwa karibu nusu karne msichana ambaye sheria ilimwona anafaa kuwa mke wa mtu ndiye huyo huyo tuliyemwona hafai kusoma jinsi msichana mwenzake alivyoirudisha barua ya mvulana bila kuifungua.

Karibuni mnipinge.

Mwalimu, Kongwa

Kaka, hoja yako nimeisoma mara mbili, na ninaipinga ingawa naipenda. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka sita nimekuwa pia msimamizi wa bweni la wavulana. Siku ya kufungua shule tunapokea wanafunzi zaidi ya mia mbili kati ya saa nne asubuhi na magharibi, kila mmoja na tranka lake, nasi walimu wa kukagua tuko wanne. Ukiniambia nisizuie kitabu mpaka nikisome chote, maana yake ni kwamba niache kukagua, kwa sababu mwenye kitabu atakuwa amekimaliza yeye, na wenzake kumi nyuma yake, kabla mimi sijafika sura ya pili. Halafu mzazi akija kulalamika hatamtafuta karani wa Mtumba. Atanitafuta mimi.

Mfano wako wa Kilio Chetu, kwa maoni yangu, unakurudi mwenyewe. Tamthilia ile tuliisoma darasani, mwalimu akisimama palipokuwa pagumu, wanafunzi wakiuliza, baadhi yao wakicheka kwanza ili wapate ujasiri wa kuuliza. Riwaya ya ndani ya tranka husomwa chini ya shuka kwa tochi, na atakayejibu maswali ya msomaji ni mwenzake wa kitanda cha juu. Sisemi kwamba kusoma hivyo ni dhambi, maana nami nilisoma hivyo riwaya za upelelezi nikiwa kidato cha pili, na ile niliyonyang'anywa ikiwa imebaki kurasa thelathini sijaipata hadi leo, wala sijui muuaji alikuwa nani. Nasema tu kwamba kusoma kwa namna hizo mbili si kitu kimoja, na aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake ana haki ya kuona tofauti hiyo.

Tena kuna suala la uhaba wa vitabu. Nimewahi kufundisha riwaya ya Takadini kwa nakala tisa kwa wanafunzi sitini na wanne, wakisoma kwa makundi, mmoja akishika kitabu na wengine wakichungulia begani kwake. Kabla hatujagombania haki ya kijana kusoma riwaya za Marekani, ningependa nguvu zako na za wasomaji wengine ziende kwenye rafu ambayo ipo na haina kitu.

Jambo moja nalikubali bila kusita: kitabu hakikustahili kuwekwa droo moja na sigara.

Muuza vitabu, katikati ya mji

Nitasema kidogo, kwa kuwa mimi naona mikono ya wanunuzi kuliko vichwa vyao. Kinachoniendeshea biashara ni vitabu vya mitihani iliyopita, na miezi ya kabla ya mtihani wa taifa hakuna kingine kinachotoka. Kijana akija kuuliza riwaya ya Kiswahili ya rika lake, ninachokuwa nacho mara nyingi ni kitabu teule, yaani kile kilichochaguliwa kufundishwa shuleni, naye hukirudisha akisema kwamba hicho wamekimaliza darasani. Riwaya za vijana za Kiingereza hununuliwa zaidi na watu wazima. Mnunuzi huniambia ni ya mdogo wake, kisha baada ya wiki mbili anakuja yeye mwenyewe kuuliza sehemu ya pili. Hata Marekani ndivyo ilivyo: utafiti wa kampuni ya Bowker wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu hivyo walikuwa na miaka 18 au zaidi. Kwa hiyo mleta hoja asione haya, ila asidhani pia kwamba anawasemea vijana peke yao.

Mama wa watoto wanne, Ipagala

Kaka yangu, mimi niliishia darasa la saba na kazi yangu ni ushonaji. Kwa kanuni yako, kwa kuwa Kiingereza sikijui, sina neno mbele ya kitabu chochote ambacho binti yangu atakileta nyumbani, na aliyesoma sana ndiye pekee mwenye ruhusa ya kulea. Hilo hukuliona wakati wa kuandika, nami sikulaumu, lakini nyumba za namna yangu ni nyingi kuliko za namna yako.

Wa kwangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Alikuja na riwaya aliyoazimwa, akawa anacheka peke yake hadi usiku. Nilimwambia akae karibu na cherehani anisomee kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, wakati nikipiga pindo. Tulikwenda nayo siku tisa. Kuna mahali aliruka. Nilijua kwa sababu sauti ilipungua na ukurasa ukafunuliwa upesi, nikamwambia arudi, akarudi. Palikuwa na busu, na baada ya busu msichana wa kwenye kitabu alijuta kwa kurasa tatu nzima. Tulinyamaza wote wawili, nikaendelea kushona. Baadaye akaniuliza kama nami nilipokuwa na umri wake niliwahi kujuta kitu, swali ambalo hajawahi kuniuliza tangu azaliwe.

Hata hivyo vipo vitabu ambavyo ningevizuia bila kungoja ukurasa wa mwisho, kama vile mtu anavyomwaga maziwa kwa kuyanusa.

Mleta hoja, Nkuhungu

Nimejibiwa sawasawa, na hoja yangu haiwezi kubaki kama nilivyoileta. Dada wa Ipagala amenionyesha kwamba nilimfungia nje mzazi ambaye kitabu hakikuandikwa kwa lugha yake, na hilo ni kosa langu. Naibadilisha hivi: anayezuia awe amekisoma kitabu, au amesimuliwa na kijana mwenyewe, na aweze kumwambia kijana huyo ni kitu gani ndani yake anachokikataa. Kuhusu maziwa sikubaliani naye, kwa kuwa harufu ya maziwa haidanganyi lakini jalada hudanganya, kama lile la ngazi lilivyodanganya.

Kwa Mwalimu, ukaguzi wa siku moja kwa walimu wanne siwezi kuutetea wala kuulaumu. Naomba tu kwamba kitabu kinachotiliwa shaka kiandikwe kwenye daftari pamoja na jina la mwenye nacho, kipewe mwalimu mmoja wa kukisoma, na mwenyewe aambiwe tarehe ya kupewa jibu. Ni utaratibu wa masjala, najua, lakini simu huandikwa hivyo hivyo.

Suala la lugha ndilo lililonikosesha usingizi. Tuzo ya Burt ya Fasihi ya Afrika, iliyoletwa nchini mwaka 2008 na shirika la CODE la Kanada, ilituzalia riwaya za vijana zilizoandikwa na Watanzania wenzetu, lakini ilipoanza lugha iliyotakiwa ilikuwa Kiingereza. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kwa riwaya na ushairi wa Kiswahili, na mshindi wa kwanza hupewa shilingi milioni 10. Fedha kama hizo zikielekezwa kwa riwaya ya kijana wa Kondoa au wa Mpwapwa, muuza vitabu wetu atakuwa na cha kujibu anapoulizwa, na cherehani ya Ipagala haitahitaji mkalimani.

Kile kitabu kilichotoka kwenye droo nimekiandikia muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, pamoja na mahali ninapodhani mzazi atakunja uso, na nitamwachia matroni siku ya kutembelea wanafunzi. Ninayo nakala nyingine yenye jalada lililochanika. Dada, ukiniruhusu, nitaipitisha Ipagala Jumamosi.