Mashine ya espreso nyumbani: itaniokoa na bei za kahawa au ndo nitazidi kupoteza?

BintiShella:
Assalaam aleykum jamani, nna swali kwa wenye kuelewa mambo ya kahawa. Niko Malindi hapa na nimeshikwa na ule ugonjwa tulioambukizwa na Wataliano, kila asubuhi kabla sijafungua duka lazima nipite mkahawani ninywe kapuchino. Sasa bei ilikuwa 220, ikaja 250, ikaja 300, na juzi nimeambiwa itaongezwa tena ati kwa sababu kahawa imepanda duniani. Duniani wapi na kahawa iko Kirinyaga hapo?? Kuna mzee wa Kitaliano arudi kwao, auza vyombo vya nyumba, ana mashine ya espreso ya Gaggia Classic ataka 28,000, ya zamani lakini yaonekana imetunzwa. Halafu Mombasa nimeona nyingine mpya, ndogo, elfu 15, kwa boksi imeandikwa BARI 15 kwa herufi kubwa kwa hivyo nikadhani hiyo ndo yenye nguvu. Mume wangu asema ntaitumia wiki mbili halafu iwe pambo la jikoni kama ile blenda ya Ramadhani. Nichukue ipi, ama niache tu? Na kweli ntaokoa pesa?

Fundi_Barani:
Wa aleykum salaam dadangu. Hizo bari 15 zisikubabaishe, bari ni kipimo cha presha tu na hiyo ni nguvu ya juu kabisa ya pampu pale maji yanapokosa pa kupita. Espreso yenyewe yataka kama bari 9 pale kwenye kahawa, na maji ya nyuzi 90 hadi 96 hivi, basi. Pampu ya aina hiyohiyo imo karibu kwa mashine zote za nyumbani, za bei ndogo na za bei kubwa, ni vile mwengine aandika kwa boksi na mwengine haandiki.

Tofauti iko kwengine. Zile ndogo nyingi huja na kikapu, kile kichujio cha kutia unga wa kahawa, chenye sakafu mbili, kahawa yatokea kwa kitundu kimoja kidogo sana chini, ndo maana hata ukitia unga wa mwaka jana utaona povu juu ukadhani ni krema, lile povu la espreso ya kweli. Ile Gaggia hata ikiwa na kikapu kama hicho utakitoa ukatia cha kawaida, kichwa chake pale mshikio wa kahawa unapofungwa ni milimita 58 saizi ya mashine za mikahawani, vipuri vyake vimejaa, na yafunguka kwa bisibisi. Hawa Wataliano wako hapa tangu enzi za roketi kule Ngomeni miaka ya 60, mashine zao nimefungua nyingi na hizi za aina hii huwa hazifi, huziba tu.

Lakini kuna kitu hujauliza. Utasaga na nini? Kama jibu ni blenda basi mumeo ana haki, waache wote wawili, yule mzee wa Kitaliano na mashine yake. Blenda haisagi, yakatakata, watoka na vumbi na vipande pamoja, maji yapita kwa vile vipande haraka na vumbi lakamuliwa kupita kiasi, kikombe kimoja kina uchachu na uchungu kwa wakati mmoja. Tafuta grainda ya meno, hata ya mkono, lakini iwe ya kufika saizi ya espreso maana si zote zafika. Pesa zako tia kwa grainda kwanza, mashine baadaye.

kijana_wa_kirinyaga:
Niko Watamu kikazi lakini nyumbani ni Kirinyaga kwa hivyo acha nijibu hii ya "duniani wapi" maana tunaulizwa kila siku kana kwamba sisi ndio tunapandisha. Bei ya arabika, aina ya kahawa kama yetu, inaangaliwa New York. Februari 2025 ilipita dola 4 kwa ratili, haijawahi kufika hapo, na mwaka mmoja nyuma ilikuwa chini ya dola 2. Sababu kubwa ni Brazil, hao peke yao wanatoa kama theluthi moja ya kahawa yote ya dunia, walipigwa na baridi kali 2021 na ukame 2024, na Vietnam ambao ndio wakubwa wa robusta, ile aina nyingine ya kahawa, nao wakapata ukame. Halafu 2025 hiyohiyo Marekani ikawawekea Brazil ushuru wa asilimia 50, ikaja kuutoa kwa kahawa mwezi wa Novemba, sasa hapo katikati kila mnunuzi akawa anakimbilia kahawa ya kwengine. Mnada wa Nairobi unauza kwa dola, gunia la kilo 50, na anayenunua ni wa Ujerumani na Marekani na Korea, kwa hivyo mchomaji wa Nairobi anayekuuzia wewe paketi anashindana na hao. Kahawa yetu karibu yote inauzwa nje. Haina bei ya mwenyeji.

Na usisingizie shilingi, maana shilingi ilifika kama 160 kwa dola Januari 2024 halafu ikarudi kwa 129, na bado paketi zikapanda.

Kitu kingine watu hawajui, kilo moja ya kahawa safi inataka kama kilo sita saba za cheri, yaani tunda lenyewe la kahawa, na ikichomwa inapoteza uzito tena. Mamangu anapeleka cheri faktori halafu anangoja malipo miezi na miezi. Kenya ilikuwa inatoa karibu tani 130,000 mwaka wa 1987/88, saa hii hatufikishi hata nusu. Watu walichoka wakang'oa, na Kiambu mashamba yamekuwa maploti. Bei ikiwa nzuri ndo watu wanarudi kupalilia kwa hivyo mkinung'unika nung'unikeni polepole.

AmiLangoni:
Mwanangu nyinyi wa Malindi mumezowea vya Wataliano mpaka mumesahau kwenu. Elfu 28 kwa kitu cha kuchemsha mayi? Huku Lamu kahawa tungu iko, dele moya la shaba, makaa, tangawizi na iliki kwa anotaka, kikombe ni shilingi za mfukoni na halua pembeni. Hakuna bari wala nyuzi.

Lakini nisiseme uongo, buni nayo imepanda huku, wauzaji wamepunguza kikombe kabla ya kupandisha bei, tizama vikombe vya siku hizi, ukimeza mara mbili ushamaliza. Na wengine watia tangawizi nyingi kuficha kahawa mbovu, ukiwauliza wasema ndo mila.

La kujua moya tu hapo kwa mashine. Mayi yetu haya ya visima vya Shela yala birika. Ndugu yangu alikuwa na nyumba ya wageni akaweka mashine, haikumaliza mwaka ikaziba kwa ukoko mweupe. Tizama birika lako la umeme ndani, likiwa na huo ukoko basi mashine yako itakuwa nao pia ila hutauona.

Mama_Twins_Watamu:
Ami hapo kwa tangawizi umesema ukweli 😂

Dada mimi nimejibana na moka, ile sufuria ya Kitaliano ya Bialetti ambayo iko tangu 1933, unaweka maji chini, kahawa katikati, inapanda juu kwa mvuke. Presha yake ni kama bari moja au mbili hivyo wenye kujua watakwambia hiyo si espreso na ni kweli si espreso, lakini mimi nanywa na maziwa na nikishatia maziwa sioni cha kulilia. Haitaki stima, unaweka kwa gesi. Gesi punguza, na ikianza kukoroma toa, ukiacha inaungua.

Ila kama roho yako iko kwa kapuchino yenye povu tupige hesabu. Paketi ya gramu 250 huku kwetu yapata kama 900, shoti mbili za kikombe kimoja zinataka gramu 18, kwa hivyo unatoa vikombe 13. Hiyo ni kama 70. Maziwa weka 20. Ni 90 dhidi ya 300 yako, kila kikombe umebakisha 210. Mashine 28 na grainda ya mkono nzuri tuseme 14, jumla 42,000, gawa kwa 210 ni vikombe 200. Kikombe kimoja kwa siku, miezi sita na nusu pesa imerudi. Tokeni sijahesabu, mashine inavuta zaidi ya wati elfu lakini ni dakika chache tu, ukisahau kuizima ndo shida.

Sasa hesabu hiyo ni ya mtu anayeishi peke yake. Mawifi wakisikia kuna kapuchino kwako wewe sahau miezi sita. Na wewe mwenyewe utatoka kimoja kwa siku uje vitatu.

BintiShella:
Mawifi ninao wanne kwa hivyo nimekuelewa sana.

Shukran nyote. Nimeamua ile ya elfu 15 siitaki. Swali sasa ni kahawa yenyewe. Nilijaribu kununua AA ya bei ya juu kabisa nikampa rafiki yangu mwenye mashine atengeneze, ikatoka chachu kama ndimu. Nilidhani AA ndo nzuri kushinda zote? Na nikinunua nyingi kwa pamoja kabla bei haijapanda tena, si itakaa?

kijana_wa_kirinyaga:
AA ni saizi ya punje tu, inapimwa kwa chekecheo, AB inafuata kwa udogo, PB ni ile punje moja ya mviringo ndani ya cheri. Unaweza kupata AB tamu kushinda AA kutoka faktori moja na bei iko chini, mimi kwa espreso nanunua AB. Uchachu ndio tabia ya kahawa yetu na wazungu wanailipia hiyo, lakini ikichomwa kidogo halafu ikabanwa kwa espreso inakuwa kali sana. Omba iliyochomwa zaidi ya wastani. Ama fanya kama Wataliano wengi wanavyofanya, changanya robusta kidogo, ya Uganda iko na ni nafuu, inatoa krema nzuri na kafeini yake ni karibu mara mbili kwa hivyo usinywe usiku.

Kununua nyingi hapana. Angalia tarehe ya kuchomwa siyo ya kuharibika. Ngoja kama wiki moja tangu ichomwe, halafu ukifungua imalize kwa wiki tatu hivi, na kwa unyevu wa huku pwani hata hizo ni nyingi. Kama lazima ununue kilo, gawa kwa vipaketi visivyoingia hewa weka friza, toa kimoja kimoja, na usikifungue kikiwa bado baridi kitalowa.

Fundi_Barani:
Ukienda kuiona mwambie aiwashe mbele yako na usinunue ikiwa baridi. Iache ipate moto robo saa. Toa maji bila kahawa, yatoke sawa kwa kile kichwa chote, yakitoka upande mmoja kuna chokaa. Fungua mvuke, uwe mkavu na wa nguvu. Funga mshikio na kahawa ndani, yakivuja pembeni ni gasketi, hiyo isikutishe, ni ya mpira na ni rahisi, lakini itumie kupunguza bei. Ukizima baada ya shoti usikie maji yakirudi kwa ule mrija wa chini, yasiporudi ile valvu imeziba. Na tizama chini ya mashine kama kuna kutu, hewa ya bahari huanzia huko.

Maji tumia ya kuchujwa, ami wa Lamu ana haki. Kusafisha chokaa nunua unga wa ndimu, ule wa watengeneza achari, lakini usiulaze ndani usiku kucha maana boila za zile za zamani ni za aluminiamu. Pitisha, suuza mara nyingi.

Kipimo cha kuanzia: gramu 18 ndani, 36 kwa kikombe, sekunde 25 hadi 30. Ikikimbia saga laini zaidi, ikikataa kutoka saga kubwa zaidi, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Utahitaji mizani ndogo, ile ya wauza dhahabu yatosha.

BintiShella:
Naenda Jumamosi baada ya asri. Nitamwambia ashuke mpaka elfu 24, na kama kuna anayeuza grainda ya mkono Malindi au Kilifi anitumie ujumbe.

Fundi_Barani:
Anza na 22. Na muulize kama ana kile kikapu cha kawaida, wengi hukitupa.