Sikukuu za mwisho wa mwaka nyumbani, katika baridi ya Ufini: mnazitumiaje kwa utulivu?

Mama wa Tampere:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mwaka huu mimi na mwenzangu tumeamua kwamba kuanzia tarehe 23 Desemba hadi baada ya Mwaka Mpya hatutasafiri popote, hatutaandaa sherehe, wala hatutachangia ukumbi pamoja na jumuiya kama ilivyo desturi yetu. Tunataka kupumzika nyumbani na watoto wetu wawili. Mwenzangu anafanya kazi ya zamu, nami nimemaliza muhula mzito wa masomo, na kwa kweli kila mara tumekuwa tukiingia Januari tukiwa tumechoka kuliko tulivyokuwa Novemba.

Ugumu wangu ni huu. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kwetu Desemba ni watu. Walio Dar es Salaam, Arusha na Mwanza wanapanda mlimani, mbuzi anachinjwa, mtori unapikwa kwa sufuria kubwa, na hakuna nyumba inayofunga mlango wake. Hapa Tampere jua linachomoza karibu saa nne kasorobo asubuhi, saa tisa alasiri ikipita kidogo limekwisha kuzama, na siku ya mkesha hata mabasi yanaacha kupita mapema. Ninaogopa kwamba utulivu tunaoutamani utageuka kuwa upweke, hasa kwa mtoto wetu mkubwa, ambaye anaikumbuka vizuri Krismasi tuliyokwenda kwa bibi yake. Mama yangu naye ameniuliza kwenye simu kama tumegombana na watu, maana haelewi kwa nini familia ijifungie ndani sikukuu nzima.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Siku hizo mnazipangaje ili ziwe za mapumziko ya kweli? Giza lile mnaishi nalo vipi bila kuwasha runinga tangu asubuhi hadi usiku? Na wazee nyumbani mnawaelezaje?

Mzee wa Uvira, Turku:

Mama, salamu kutoka Turku. Uamuzi wenu ni mzuri, na ninawaomba msirudi nyuma kwa sababu ya maneno ya watu. Nimeziona familia nyingi za kwetu zikibeba sikukuu mbili kwa wakati mmoja, ile ya nyumbani na ile ya hapa, na mwisho wake watoto wanalala kwenye viti vya ukumbi huku mama akiosha vyombo vya watu hamsini.

Nchi mliyomo imeuwekea utulivu huo saa yake ya kuanza, nanyi mnaweza kuitumia. Tarehe 24 Desemba, saa sita kamili mchana, kengele ya kanisa kuu la hapa Turku ikishagonga, tangazo la Amani ya Krismasi husomwa kutoka roshani ya jengo la Brinkkala, kwa Kifini na kwa Kiswidi. Desturi hiyo imetoka katika Enzi za Kati, kwenye roshani hiyo inafanyika tangu 1886, na redio imekuwa ikiitangaza kwa taifa zima tangu 1935. Siku hizi huonyeshwa pia kwenye runinga. Tangazo lenyewe ni fupi. Linawaagiza watu waiadhimishe sikukuu kwa uchaji na kwa utulivu, na linaonya kwamba atakayeivunja amani hiyo ataadhibiwa kwa ukali zaidi. Wimbo wa Kilutheri unaoimbwa kabla yake, wewe kama umelelewa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, utautambua kwa sauti hata usipoelewa neno lolote.

Nyumbani kwangu saa hiyo ndiyo mpaka wetu. Kabla ya saa sita nyumba iwe imefagiliwa, sombe, yaani kisamvu, iwe imeiva, nguo ziwe zimeanuliwa, na kila aliyetaka kitu dukani awe amekwisha kukinunua. Baada ya tangazo hakuna anayetumwa. Mapumziko yasiyo na mpaka huliwa na kazi ndogo ndogo, hasa kwa mama, ambaye wote wakikaa yeye bado anakumbuka jambo. Kwa hiyo baba wa nyumba naye akae mezani usiku wa tarehe 23 na waandike pamoja kazi zilizobaki, kila moja na jina la mwenye kuifanya.

Kuhusu wazazi, pigeni simu asubuhi ya mkesha. Wakati wa baridi saa za Ufini na saa za Uvira, kwetu Kongo, ni zilezile, na Marangu wako mbele yenu kwa saa moja tu, kwa hiyo mtawakuta jikoni wakiwa na nguvu na furaha, si usiku wakati kila mtu amechoka na mtandao umeelemewa. Usimwambie mama yako kwamba hamtaki watu. Mwambie kwamba mmefanya kazi mwaka mzima hadi mmechoka na mnataka watoto wawapate wazazi wao. Bibi yeyote analielewa hilo. Kisha umwombe amfundishe mjukuu wake mkubwa kupika kitu kimoja, akimwelekeza kwa sauti yake mwenyewe kupitia video, naye atakuwa ameingia katika sikukuu yenu badala ya kuitazama kutoka mbali.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Alasiri ya mkesha Wafini huenda makaburini kuwasha mishumaa kwa ajili ya wapendwa wao, na makaburi mengi ya nchi hii yana mahali palipotengwa kwa ajili ya kuwakumbuka waliozikwa kwingine. Baba yangu amezikwa Uvira, na kaburi lake sijaliona tangu nilipoondoka. Tunakwenda pale, mimi na mama watoto na wajukuu. Mshumaa wa makaburini huuzwa katika maduka ya kawaida ya chakula, nao umewekwa ndani ya kikombe chenye kifuniko chenye matundu ili upepo usiuzime. Mtoto anafagia theluji kwa glavu yake, anakandamiza hadi pawe imara, anauweka, nami ninauwasha kwa kiberiti kirefu. Kisha kila mmoja anataja jina la mtu mmoja kwa sauti. Njiani kurudi wajukuu wanauliza: babu mkubwa alikuwa anavua samaki gani, alikuwa mkali, alikuwa anaimba? Jioni yote inajaa majibu. Mtoto wako anayemkumbuka bibi yake anahitaji mahali pa kuuweka ule ukumbusho, na kumshughulisha tu asahau hakutamfaa.

Binti wa Malindi, Espoo:

Shikamoo Mzee, na pole kwa kuwa mbali na kaburi la baba yako. Dada wa Tampere, mimi ni Mwislamu na siadhimishi Krismasi, lakini likizo hiyo ninaipata sawa na wengine, tena ninaithamini sana, kwa sababu ndiyo wiki pekee ambayo shule, ofisi na vikao vyote vinanyamaza pamoja.

Nataka nizungumzie mwanga, maana naona huko ndiko siku huharibikia. Katika eneo letu la Helsinki, mwishoni mwa Desemba jua hukaa juu ya upeo wa macho kwa muda usiofika saa sita, na hata mchana halipandi zaidi ya nyuzi 7, kwa hiyo ukiamka saa tano na kunywa chai taratibu, mchana umekupita. Sisi tunatoka nje kila siku kati ya saa tano na saa nane, hata mawingu yakiwa mazito, hata watoto wakigoma. Ikiwa kuna theluji wanachukua vibao vya plastiki vya kuteleza, na kama hakuna tunatembea hadi ziwani na kurudi. Mkichelewa, hakikisheni kila koti lina kiakisi mwanga kinachoning'inia, maana mtu mwenye nguo nyeusi haonekani kabisa na dereva. Na vitamini D msiisahau. Kwa ngozi zetu na kwa jua hili ni jambo la lazima, na mtu wa kliniki ya watoto atawaeleza kiasi kinachofaa kila umri.

Mkisharudi ndani, giza haliwi adui tena, maana mwili umekwisha kupata haki yake. Kwetu siku hupimwa kwa sala, na majira haya sala husogeleana sana: adhuhuri huingia baada kidogo ya saa sita mchana, na saa tisa na robo tayari ni magharibi. Siku za kazi hilo ni taabu, kila mtu anaswali peke yake kona fulani. Katika likizo tunaswali jamaa, wote nyumbani, na kati ya sala na sala hakuna nafasi ya kuzama kwenye runinga. Nyinyi mnaweza kuwa na kituo chenu, iwe ni kusoma Biblia, kahawa ya saa kumi au vitendawili kabla ya chakula cha jioni. Muhimu ni kwamba watoto wajue kinachofuata bila kuuliza. Runinga tumeipa saa moja baada ya chakula cha usiku, nayo inatosha.

Muuguzi wa Oulu:

Nimewasoma kwa makini, na ninakubaliana na mengi, lakini naomba niseme kwa upande wa tunaoishi peke yetu. Hapa Oulu jua linaonekana kwa takribani saa tatu na nusu tu. Utulivu wa nyumba yenye mume, mke na watoto ni tofauti kabisa na ukimya wa chumba kimoja cha mwanafunzi au mfanyakazi wa zamu, na zile sherehe za ukumbi ambazo nyinyi zinawachosha, kwa wengine wetu ndiyo mara pekee katika mwezi ambapo mtu anatuita kwa jina kwa lugha yetu.

Sikulaumu, dada yangu, kwa kuhitaji mapumziko. Ninaomba tu siku moja muiache wazi. Tarehe 26, siku ya Mtakatifu Stefano, ndiyo siku ambayo Wafini wenyewe hutoka kwenda kutembeleana baada ya kukaa na familia zao. Mwiteni mtu mmoja mnayejua kwamba yuko peke yake. Asiitwe kwa karamu, aje anywe chai, ale kilichobaki, akae sebuleni na watoto, na ikiwa mnataka kusinzia, msinzie naye yupo. Mgeni wa namna hiyo hachoshi, na mtoto wako mkubwa ataona kwamba mlango wa Marangu umefunguka hata Tampere.

Mama wa Tampere:

Mzee, ahsante sana. Nimemsomea mume wangu maneno yako yote. Hapa Tampere nimeulizia na kuambiwa kwamba mahali pa kuwakumbuka waliozikwa kwingine papo, nasi tutakwenda, kwa sababu baba mkwe alifariki tukiwa huku na hatukuweza kumzika. Muuguzi, umenigusa, nami sitabishana nawe. Tarehe 26 tutamwita kijana mmoja wa chuo kikuu, naye asilete chochote. Binti wa Malindi, saa tano tutakuwa nje.

Limebaki swali moja. Mtoto mkubwa amesikia shuleni kuhusu uji wa wali wa Krismasi wenye lozi iliyofichwa, naye anautaka. Unapikwaje bila kuungua?

Mpishi wa Vantaa:

Mama, nunua mchele mfupi wa uji, kwa sababu basmati haitatoa uzito. Chemsha kwanza mchele kwa maji kidogo hadi yanywewe, kisha tia maziwa kamili kidogo kidogo, uache kwa moto wa chini kabisa kwa dakika arobaini hadi saa nzima, ukikoroga mpaka chini ya sufuria, hasa mwanzoni, maana maziwa hushika upesi. Chumvi itiwe mwisho. Mezani kila mtu ajinyunyizie mdalasini na sukari. Sisi wa pwani huongeza iliki, na sijaona Mfini aliyeikataa. Lozi ni moja tu kwa sufuria nzima, na anayeikuta kwenye bakuli lake ndiye mwenye bahati. Lakini kama mdogo wenu hajafikisha miaka mitano, usitumie lozi nzima, kwa sababu inaweza kumpalia. Tumia kipande laini cha tende iliyotolewa kokwa.