Walimu na wanafunzi wa lugha za kigeni: nini kiliwafanya wanafunzi wajitume bila kusukumwa? Tupeane uzoefu

Mwalimu, Uyole
Habari zenu wadau. Nafundisha Kiingereza shule ya kata hapa Mbeya. Watoto wamesoma kwa Kiswahili shule ya msingi yote, wakifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Wengi wanaamua kunyamaza na kukremu.

Kilichobadilisha darasa langu ni kuwaachia wachague. Kila Ijumaa mwanafunzi anaandika nyuma ya daftari jambo moja analotaka aweze kulisema wiki inayofuata. Binti mmoja ambaye mama yake anauza viazi Mwanjelwa aliandika kwamba anataka kuuza viazi kwa Kiingereza. Maneno akayatafuta mwenyewe kwenye kamusi. Siku yake ilipofika akasimama mbele, wenzake wakawa wateja: huyu anataka apunguziwe, yule analalamika viazi vidogo vimefichwa chini ya gunia. Watoto ambao sikuwahi kusikia sauti zao walikuwa wanabishania bei! Nilifurahi mno. Nyie wenzangu mmefanyaje?

Muongoza watalii, Iringa
Mimi nilijifunza Kifaransa jioni, baada ya kazi. Kitabu kilianza na stesheni ya treni na hoteli, mimi nataka kueleza tandala. Mwalimu akaniruhusu niruke sura. Nikawa najirekodi kwenye simu nikieleza tofauti ya tandala mkubwa na mdogo, maana Ruaha wote wawili wapo, kisha nasikiliza nilipokwama. Sarufi niliirudia baadaye kwa hamu, kwa sababu wageni walikuwa hawanielewi nikisimulia mambo ya jana.

Mdau, Makete
Shule niliyosoma, ukiongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni. Matokeo yake hatukuongea Kiingereza, tulikaa kimya tu. Niliamka kidato cha tatu, mwalimu mgeni alipotuachia tupange mada za dibeti wenyewe.

Mwalimu mstaafu, Tukuyu
Nawapongeza, ila tuwe waangalifu. Mtihani wa kidato cha pili unakuja, na mtoto asiyejua hata pa kuanzia ukimwambia achague, umemtelekeza.

Mwalimu, Uyole
Shikamoo mwalimu. Nakubaliana nawe kabisa. Hata Henri Holec, aliyeandikia Baraza la Ulaya mwaka 1979 kuhusu mwanafunzi kujisimamia katika lugha, alisema huo ni uwezo wa kubeba jukumu la kujifunza kwako, na kwamba mtu hazaliwi nao, anaupata baadaye, mara nyingi kwa kujifunza. Ndiyo maana naanza na uchaguzi mdogo: muhula wa kwanza nawapa mambo matatu wachague moja. Anayeniletea lengo la "nijue Kiingereza" namrudishia na kumuuliza: utazungumza na nani, na wapi? Mada za mtihani zinabaki palepale, wao wanachagua mifano na namna ya kufanya mazoezi.

Mwalimu, Mafinga
Darasa langu limejaa, madawati hayatoshi. Hizo daftari unazisoma saa ngapi?

Mwalimu, Uyole
Sizisomi zote. Wanakaa wannewanne, kila mmoja anawasomea wenzake lengo lake na kuwaonyesha kama amelifikia. Monita ananiletea daftari za waliokwama tu, nao nakaa nao dakika chache kabla ya kipindi. Jaribu na mkondo mmoja kwanza, halafu rudi utuambie.