Hela za korona kwa wakulima wa Iowa: haki au ulaji?

MamaZawadi: Wapendwa, nina swali. Mwaka 2020 serikali ya Marekani ilimwaga mabilioni kwa wakulima, ule mpango wa CFAP wa kuwafidia hasara ya korona. Malipo yanaonekana kaunti kwa kaunti. Nimeangalia kaunti yetu hapa Iowa, watu wachache wamebeba kitita. Na Aprili mwaka huohuo Trump alitoa amri machinjio yaendelee na kazi, ndugu zetu wakawa wanakata nyama bega kwa bega. Hii ni haki kweli?

Kijana_wa_Kitale: Nilisikia mtu mmoja alilamba nusu milioni. Wizi mtupu.

Kaka_Ames: Soma kwanza. Kikomo kilikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja kwa kila duru ya malipo. Kampuni ndiyo ingeweza kufika 750,000, tena iwe na wenyewe watatu wanaoshughulika shambani. Machinjio yalipofungwa, nguruwe waliuawa na kufukiwa. Ulitaka mkulima ale nini? Nyie mnaolalamika hapa hata kuku hamjawahi kufuga.

Kijana_wa_Kitale: Kuku?? Nimezaliwa Trans Nzoia, nimekamua ng'ombe kabla sijajua kusoma. Baba amelala foleni nje ya bohari na trekta la mahindi, wakalipwa madalali wasio na hata jembe. Usinitajie kuku!

Shangazi_Cedar: Jamani, hapo kwenye mwenye jembe mmegusa penyewe. Jirani yangu ana mabanda mawili, kila moja nguruwe elfu mbili na ushee. Duru ya kwanza hakupata hata senti, kwa sababu nguruwe si wake, ni wa kampuni. Yeye analea kwa mkataba: banda lake, deni lake, samadi yake. Zile dola 17 kwa kila nguruwe aliyekuwa bandani zilimfuata mwenye nguruwe. Walea kwa mkataba walikuja kukumbukwa 2021.

Kaka_Ames: Mkamua ng'ombe wa Trans Nzoia, leo si unaendesha Uber Des Moines?

Kijana_wa_Kitale: Naendesha, na kodi yangu ndiyo iliyomlipa huyo mkulima wako. Una lingine?

Papa_Bukavu: Bandugu, sasa tunaongea kuku ao tunaongea feza? Mama aliuliza swali ya muzuri. Mimi nafanyaka usiku ku kiwanda. Shangazi amesema neno, hakuna mwenye amemujibu.

Kaka_Ames: Shikamoo mzee. Lakini mbona zile dola 1,200 za korona za kila mtu mlipokea wote kimyakimya? Hapo haki hamkuiuliza.

MamaZawadi: Nani alipokea? Mume wangu hakuwa na namba ya hifadhi ya jamii, tulijaza kodi pamoja, tukanyimwa WOTE WAWILI, mimi na makaratasi yangu safi. Mpaka sheria ya Desemba ndiyo nikafikiriwa, tena mimi peke yangu. Usinisemee.

Kaka_Ames: Pole dada, hilo silo nililolenga.

MamaZawadi: Umelenga nini? Mkulima akipewa mnaita fidia, sisi tukipewa ni mteremko.

Kaka_Ames: Sijasema mteremko. Nasema mkulima ana hasara ya kuonyesha. Kijana hapo juu anajiita mkulima, hebu ataje eka za baba yake.

Kijana_wa_Kitale: Eka nne. Na wewe?

Kaka_Ames: Eka nne! Huku hicho ni kiwanja cha nyumba.

Kijana_wa_Kitale: Nimekuuliza na wewe ngapi.