Shokapu za umeme au za kawaida kwenye gari la spoti?

Wapendwa, salaam.

Naomba ushauri wa wanaojua. Kuna magari mawili ya spoti, muundo mmoja, mwaka mmoja, yote yametumika. La kwanza lina saspensheni inayojirekebisha, yaani shokapu za umeme, na kitufe cha kuchagua laini au ngumu. La pili lina saspensheni ya spoti isiyobadilika, imeshushwa kidogo tangu kiwandani. Ni gari la kila siku, barabara nzuri na mbovu zimechanganyika, na majira ya baridi humwagwa chumvi barabarani. Muuzaji anasema la umeme ni bora kwa kila kitu. Ni kweli?

---

> Muuzaji anasema la umeme ni bora kwa kila kitu.

Si kila kitu, ndugu. Wauzaji wengi hawasemi kwamba kwa magari mengi kitufe kile hakigusi springi kabisa. Springi ni zile zile za chuma, stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) ni ile ile. Kinachobadilika ni jinsi mafuta yanavyopita ndani ya shokapu. Springi hubeba gari na kuamua linese kwa kasi gani. Gari la familia hupanda na kushuka kama mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde, la spoti la barabarani huelekea 1.5 hadi 2. Shokapu inazima kunesa huko tu. Kwa hiyo gari lenye springi ngumu na tairi nyembamba halitakuwa laini kwa sababu umebonyeza kitufe.

Aina zilizoenea ni mbili. Moja ina vali ya solenoidi, yaani inayosukumwa na sumaku ya umeme, inayobana au kuachia njia ya mafuta. Nyingine ina mafuta yenye chembe ndogo za chuma. Umeme ukipita kwenye koili ya pistoni, chembe hujipanga na mafuta yanakuwa mazito papo hapo. Kampuni ya GM (General Motors) waliianzisha hiyo ya sumaku mwaka 2002 kwenye Cadillac Seville, mwaka uliofuata ikaingia Corvette, kisha Ferrari na Audi nao wakaitumia.

Faida yake ni ya kweli: shokapu isiyobadilika ina tabia moja, na mhandisi lazima achague. Akiibana ili mwili wa gari usilale kwenye kona, mashimo madogo yatakufikia mgongoni. Akiilegeza, gari litaogelea kwenye mabonde marefu ya barabara kuu. Ya umeme inaweza kuwa laini kwenye rasta na kukaza sekunde hiyo hiyo unapokata kona.

Lakini ya kawaida iliyotengenezwa kwa akili inashinda ya umeme iliyotengenezwa kwa pupa. Alpine A110 haina shokapu za umeme. Ina uzito mdogo, wa kilo 1,100 hivi, springi laini, na vizuizi vya haidroliki (vinavyotumia mafuta kupunguza kishindo) mwishoni mwa safari ya shokapu, na inapita barabara mbovu kwa utulivu ambao magari mengi yenye vitufe hayana. BMW M2 ya 2016 nayo ilitoka na saspensheni isiyobadilika.

Soma pia karatasi ya vifaa kwa makini. Kwenye Porsche Cayman ya kizazi cha 981, saspensheni ya umeme ilikaa milimita 10 chini kuliko ya kawaida. Usidhani ya umeme ndiyo iko juu zaidi.

Ukienda kujaribu, kwanza pima upepo wa tairi zikiwa baridi na uuweke sawa na kibandiko cha mlangoni. Upepo ukizidi, utailaumu saspensheni bure. Angalia pia rimu: la umeme likiwa na inchi 20 na la pili inchi 18, unalinganisha tairi. Kisha pita sehemu moja, kasi moja, magari yote mawili: lami yenye mawimbi madogo, bonde refu, na kona yenye shimo katikati. Hiyo ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Gari likiruka pembeni na kukulazimisha kurekebisha usukani, hali ya ngumu ya gari hilo ni ya kiwanja cha mashindano, hutaitumia barabarani.

---

Nakubaliana na hayo yote. Naongeza upande wa gari lililotumika, maana hapo ndipo pesa hupotea.

La umeme lina sensa za urefu zinazounganishwa na mikono ya saspensheni kwa vijiti vidogo vyenye vichwa vya duara. Chumvi hula vichwa hivyo, kijiti hulegea au kukatika, na kompyuta hudhani gari limeinama. Lala chini na tochi, shika kila kijiti kwa vidole na ukitikise. Angalia na soketi za waya za shokapu. Ukiona kutu ya kijani kwenye pini, tatizo limeshaanza. Halafu piga mashine ya kusoma makosa hata kama dashibodi haina taa, kwani muuzaji anaweza kufuta makosa asubuhi ya siku hiyo.

Kubonyeza pembe ya gari na kuhesabu linavyonesa hakukusaidii hapa. Injini ikiwa imezimwa, shokapu ya umeme haiko katika hali yake ya kazi. Tazama mafuta: ukungu mwembamba karibu na sili ni kawaida, michirizi inayoshuka mpaka chini ni kifo cha shokapu. Baridi kali nayo inadanganya, mafuta ni mazito na gari huwa gumu dakika chache za mwanzo.

Ukibadilisha, badilisha jozi ya mbele au ya nyuma, usibadilishe moja. Mwambie fundi asitumie mashine ya upepo kwenye nati ya juu: fimbo ikizunguka inakata sili, na kwa zile ambazo waya unapita ndani ya fimbo, inakata waya pia. Boliti za bushi (mipira kwenye maungio ya saspensheni) zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limesimama na uzito wake. Zikikazwa magurudumu yananing'inia, bushi hubaki zimejikunja na huchanika mapema. Mwisho alaimenti (kunyoosha magurudumu), na sensa zifundishwe urefu upya kwa mashine.

---

Asanteni sana. Je, nikinunua la umeme na shokapu zife, naweza kufunga za kawaida?

---

Unaweza, ila kompyuta ikikosa shokapu itawasha taa ya onyo na kuzima kitufe. Kuna watengenezaji wanaouza moduli, yaani vifaa vidogo vya umeme, za kuidanganya. Chukua iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako. Funga shokapu zinazolingana na springi za kiwandani, au badilisha springi na shokapu pamoja. Na mjulishe mtu wa bima kabla ya kufunga.

Kwa maelezo yako, barabara mbovu na matumizi ya kila siku, chukua la umeme kama makosa hayapo na dhamana ingalipo. Dhamana ikiwa imekwisha na kilomita zimepita 80,000, weka bei ya shokapu nne mpya juu ya bei ya gari kabla hujalinganisha. Hilo lililoshushwa lijaribu kwanza kwenye barabara yako mbovu kuliko zote, ukiwa na abiria.