Naomba msaada: shairi la Kijerumani linanigomea mshororo wa mwisho

Habari zenu wakuu. Nina kazi ya kuchambua "Der Panther" la mshairi Rilke, lililomo kwenye diwani yake ya 1907. Ni beti 3 kuhusu chui aliyefungiwa kizimbani katika bustani ya Jardin des Plantes, Paris. Nimehesabu mizani kama tunavyofanya kwenye mashairi yetu: 11, 10, 11, 10, inakwenda vizuri tu. Ule wa mwisho kabisa ukanipa 8. Nimerudia kwa vidole mara tano. Au chapa imekosewa? Halafu nimeandika kwamba hält na Welt, maneno yanayofunga mshororo wa 2 na wa 4 wa ubeti wa kwanza, hayana kina kimoja. Na Stäbe, yaani nondo, kurudiwa mara 3 ubeti wa kwanza, si udhaifu wa mtunzi?

Malenga_Mpole: Mkuu, hesabu yako ni sawa na kitabu hakijakosea. Ila Wajerumani hupima kwa mkazo. Sisi mkazo wetu umetulia silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana hatuuhesabu. Soma hivi mshororo wa 4, yaani "na nyuma ya nondo elfu hakuna dunia": und HIN-ter TAU-send STÄ-ben KEI-ne WELT. Mikazo 5. Hata mishororo ya 11 ina 5 hiyo hiyo, silabi ya ziada ni mkia mwepesi. Sasa soma wa mwisho kabisa, yaani "na moyoni hukoma kuwepo": und HÖRT im HER-zen AUF zu SEIN. Minne! Picha imeingia jichoni mwa chui, imepita viungoni, imefika moyoni ikakoma. Mshororo umekatika nayo.

Mama_Vina: Kuhusu vina, mwanangu, sikiliza kwa sikio, achana na herufi. Ä ya hält na e ya Welt hutamkwa sawa. Tena kina chao huanzia kwenye irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno, kwa hiyo Stäbe na gäbe usiandike "be", andika "äbe". Na hizo Stäbe ziko mshororo wa 1, 3 na 4: chui akigeuka anakutana na nondo, na wewe msomaji hivyo hivyo. Tazama wa 3, "Stäbe gäbe" zimesimama bega kwa bega kama nondo mbili. Takriri hiyo imekusudiwa, itetee.

Mwuliza swali: Asanteni sana. Nimesoma kwa sauti huku nagonga meza. Nilipofika "sein" mkono ulikuwa bado juu, unasubiri pigo la tano. Aya ya kosa la chapa naifuta sasa hivi.