Natengeneza gita la besi kwa mikono hapa Mbeya, nimefika kwenye shingo. Naombeni ushauri

Mwalimu_Uyole

Wakuu habari zenu, na shikamooni kwa wakubwa.

Niko Uyole. Nafundisha hesabu sekondari, lakini useremala nimekua nao, baba alikuwa fundi wa milango na vitanda na benchi lake bado lipo uani. Jioni nikimaliza kusahihisha madaftari huwa niko pale. Sasa nimeamua kutengeneza gita la besi la umeme, nyuzi nne, kwa mikono yangu. Si biashara. Kwaya yetu ya vijana inapiga kwa besi ya kuazima na mimi ndiye mpigaji, ila hata tungekuwa na besi zetu ningelitengeneza hili, kwa sababu nataka kujua ile sauti inatoka wapi.

Nilicho nacho: ubao wa mninga wa upande wa Chunya, unene inchi mbili, umekaa stoo tangu enzi za baba. Kipande cha mpingo kinachotosha ubao wa vidole, ule unaobandikwa juu ya shingo. Randa, patasi, misumeno, drili ya umeme na jiriwa. Ruta, ile mashine ya kuchimba mifereji kwenye mbao, sina.

Mwili haunitishi. Shingo ndiyo inaninyima usingizi. Nyuzi nne za besi ya kawaida zikikazwa huvuta kwa pamoja karibu kilo 80, yaani mfuko wa saruji na nusu unaning'inia kwenye kipande cha mbao chenye unene wa vidole viwili, usiku na mchana. Jirani yangu fundi ananiambia nichimbie nondo ya milimita 10 ndani ya shingo, niifunike, yaishe. Mwingine anasema mninga hauhitaji chuma. Nifuate lipi?

Halafu urefu. Besi nyingi ni inchi 34 kutoka nati (kizuizi cha nyuzi pale kichwani) hadi briji (pale nyuzi zinaposhikwa mwilini), lakini zipo za inchi 30. Nimepiga hesabu: kwa uzi uleule na sauti ileile, mvuto unafuata kipeo cha pili cha urefu. Gawanya 30 kwa 34, zidisha kwa yenyewe, unapata 0.78. Kilo 80 zinashuka hadi 62 hivi. Inanivutia sana hiyo.

Na pikapu, kile kifaa cha sumaku kinachonasa sauti ya nyuzi: ninunue, au fundi redio anaweza kuisuka?

Randa_Kali

Kamwene mwalimu. Niko Mafinga, nashinda na mbao.

Mninga umechagua vizuri. Ukishakauka hautembei sana, ndiyo maana wazee waliupenda kwa milango. Lakini "umekaa stoo" si ushahidi kwamba umekauka. Stoo ya bati huko Uyole wakati wa masika inarudisha unyevu kwenye mbao. Fanya hivi: kata kipande cha shingo kikubwa kuliko unavyohitaji, kipime kwenye mizani ya jikoni, andika uzito, kiweke ndani ya nyumba juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote. Kipime kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, hapo ndipo ushike msumeno. Ncha zake zipake rangi au gundi, maji hutoka haraka sana puani mwa mbao na hapo ndipo nyufa zinapoanzia.

Pili, usitoe shingo kwenye kipande kimoja. Pasua mbavu mbili nene na utepe mmoja mwembamba wa katikati, unganisha kwa gundi nyeupe ya mbao. Tazama kichwa cha mbao: mistari ya miaka isimame wima kuelekea kwenye ubao wa vidole, isilale. Mbavu zielekezane kinyume, ubavu mmoja ukitaka kupinda kushoto mwenzake anavuta kulia.

Na hapa kuna faida kwa mtu asiye na ruta. Utepe wa katikati ufanye wa milimita 6, halafu unapounganisha ushushe chini ya mbavu kwa milimita 9 au 10. Mfereji wa chuma cha shingo unapatikana wenyewe, umenyooka, hujachimba kitu. Pima kwanza chuma utakachonunua, havilingani vyote.

Mpingo una mafuta. Dakika chache kabla ya gundi ufute kwa thina safi au asetoni. Na vaa barakoa unapoupiga msasa, vumbi lake linawasha kifua na ngozi. Wengine ngozi zao hazivumilii kabisa.

Kwa wanaotaka kujaribu bila mninga: msidharau paini ya Sao Hill kwa mwili. Gita la majaribio la Leo Fender, mtengeneza magita wa Marekani, la mwaka 1949 lilikuwa na mwili wa paini. Nyepesi, inakatika kirahisi, ila chagua isiyo na vifundo na iliyoacha kutoa utomvu. Shingo ya paini, hapana. Mkaratusi usiuguse, unapasuka na kujikunja hata ukiwa umelala tu.

Mzee_wa_Rungwe

Marahaba mwalimu. Nina neno kuhusu chuma.

Sisi tuliokulia Tukuyu na Kyela tumeona vijana wakipiga magita ya mbao na madebe, nyuzi za waya wa breki za baiskeli, bila chuma chochote shingoni. Ng'ambo kule Malawi wana babatoni, besi ndefu ya uzi mmoja, mtu anaipiga kwa chupa na watu wanacheza hadi asubuhi. Wahehe nao wana ligombo lao. Mikono ya watu wa nyanda hizi haijaanza jana kutengeneza vya nyuzi. Sasa huyu kijana ana mninga, mti wa kubeba paa. Kwa nini tumtishe na vyuma vya kuagiza?

besi_ya_nne

Mzee shikamoo. Babatoni naipenda na hoja yako naiheshimu, ila tuitazame ilivyo. Ina uzi mmoja, haina freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), na uzi wenyewe unakaa mbali na mbao. Shingo ikipinda kidogo hakuna kinachoharibika. Besi ya mwalimu ina nyuzi nne zinazopita juu ya freti zikiwa zimeinuka milimita mbili au tatu tu. Shingo ikipinda milimita moja tu, kidole kinaumia na sauti inapanda kila anapobonyeza. Kwenye kwaya watu watamtazama yeye.

Mwalimu, ushauri wa nondo ndio ninaoupinga kwa nguvu zote. Nondo inaongeza uzito na ugumu, sawa, lakini haikazwi. Kazi ya trasi rodi, yaani chuma cha shingo cha kukaza, ni kuvuta kinyume na nyuzi, na wewe unaamua ivute kiasi gani kwa kuzungusha nati yake ya kukazia. Gibson, kampuni ya magita ya Marekani, walipata hataza ya chuma cha kurekebishika mwaka 1923, na sababu haijabadilika: mbao inaishi. Mbeya kuna masika marefu, kisha Juni na Julai baridi kavu inayopasua midomo. Shingo iliyonyooka Februari haitakuwa vilevile Julai. Ukiwa na chuma cha kukaza unageuza robo ya mzunguko, unasubiri, unaangalia tena. Ukiwa na nondo umebaki na ulichonacho.

Kwa hiyo agiza trasi rodi ya pande mbili, inayoweza kuvuta shingo mbele au nyuma. Ni kitu chepesi, kinakuja kwa posta pamoja na waya wa freti. Vikazio vya nyuzi na briji si lazima ununue vipya: makanisa mengi yana besi iliyokufa stoo, uliza wazee wa kanisa kwa heshima.

Kuhusu inchi 30, hesabu yako ni sahihi. Tatizo ni nyuzi. Seti zinazopatikana madukani kwetu karibu zote ni za inchi 34. Ukizikata kwa ajili ya gita fupi, sehemu nene ya uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ndiyo inayozunguka kwenye kikazio, inakataa kukunjika au inafumuka. Na uzi mfupi uleule uliolegea unaanza kutapatapa kwenye freti. Mimi ningekwenda 34. Ndiyo kipimo cha Fender tangu gita lao la besi la Precision Bass la mwaka 1951, na vipuri vingi vimefuata hapo.

Mama_wa_Alto

Kaka mwalimu, hongera. Mimi napiga besi kwaya ya akina mama Iringa mjini na hakuna aliyegusia bega.

Ibada inachukua muda wa saa tatu, na sikukuu inazidi. Mninga si mwepesi. Usikubali atakayekwambia ufanye mwili wote wa mpingo kwa sababu ni wa thamani. Mpingo ni mzito karibu mara mbili ya mninga, unazama kwenye maji. Mpingo ubaki kwenye ubao wa vidole, milimita 6 zinatosha.

Halafu mizani ya gita. Pembe ya juu, ile yenye kitufe cha mkanda, ifike karibu na freti ya 12. Ukiifanya fupi kwa ajili ya urembo, kichwa kitakuwa kinaanguka chini kila ukiachia mkono wa kushoto, na utapiga nyimbo zote ukiwa umebeba shingo kwa kiganja. Kata mfano wa boksi kwanza, funga ubao na vikazio, uvae usimame nao jikoni. Na nyuma, mbavu zinapogusa, punguza mbao. Kwa mwanamke hilo ni lazima, na kwa mwanamume ni jambo jema.

Fundi_Redio_Makambako

Mwalimu, swali la pikapu.

Fundi redio anaweza kuisuka, ndiyo, akipata waya. Waya wake ni wa unene wa milimita 0.063, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, na koili moja ya besi inakula mizunguko takriban 10,000. Unatumia mota ya cherehani kuzungusha bobini na kihesabio chochote cha mizunguko. Vidole ndivyo vinavyobana waya, ukikaza unakatika, ukilegeza koili inapiga mluzi kwenye spika. Inawezekana na ni kazi nzuri, lakini kwa gita la kwanza nunua. Ukishasikia gita lako linaimba, tengeneza la pili kwa pikapu yako.

Nunua aina ya koili mbili zilizogawanyika, kama Precision Bass ilivyo tangu mwaka 1957. Nusu moja inachukua nyuzi E na A, nyingine D na G. Koili moja imesukwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa, hivyo mngurumo wa umeme unaoingia pande zote mbili unafutana huku sauti ya nyuzi ikibaki. Kanisani kwenye taa za mirija na nyaya za spika zimerundikana, utashukuru. Potenshiometa (vile vinobu vya sauti na toni) mbili za kilo-omu 250, kapasita ya maikrofaradi 0.047 kwa toni. Shimo la nyaya lipake karatasi ya shaba au alumini, uiunganishe na athi, na waya mwingine wa athi uende chini ya briji ili nyuzi zenyewe ziwe athi.

Sasa nisikilize hapa, maana hili ni la uhai. Nyuzi zikiwa athi, mwili wako umeunganishwa na amplifaya. Majengo mengi yetu soketi zina tundu la tatu lakini nyuma yake hakuna waya. Amplifaya ikivuja, au ikiwa kwenye fezi tofauti na mikisa, mpiga besi akisogeza mdomo kwenye maiki anapigwa. Nimeitwa kutengeneza vyombo vya aina hiyo na siyo mara chache. Kabla hujachomeka gita lako popote, fundi umeme apime athi ya jengo kwa mita, achimbie rodi ya shaba kama haipo, na amplifaya na mikisa vichomekwe kwenye sakiti moja. Mtu yeyote asiikate pini ya athi kwenye plagi ili mngurumo upungue.

Mwalimu_Uyole

Ndaga fijo wote. Mzee wa Rungwe, nakusikia, na nikimaliza hili nitatengeneza babatoni pamoja na wanafunzi, kwa sababu hapo hakuna cha kuagiza. Kwa hili nakwenda na trasi rodi na inchi 34.

Athi nimeshamwambia mzee wa kanisa leo. Anamleta fundi umeme kabla ya Jumapili.

Kwa freti nimekokotoa hivi, mnikosoe. Inchi 34 ni milimita 863.6. Gawanya kwa 17.817, freti ya kwanza inakaa milimita 48.5 kutoka nati. Kinachobaki gawanya tena kwa namba ileile, ya pili inakuwa 94.2. Nikifika ya 12 ni lazima nipate nusu kamili, 431.8, isipotokea nimekosea njiani. Mfereji wa kila freti niukate kwa msumeno wa chuma?

besi_ya_nne

Hesabu sawa. Ila unapochora, kila freti ipime kutoka nati, usipime kutoka freti hadi freti, kosa dogo la kila hatua litajumlishana. Msumeno wa chuma unakata mpana mno, freti itachezacheza. Mfereji unatakiwa kuwa karibu milimita 0.6. Tafuta msumeno mdogo wa mgongo, meno yake yasugue ubavuni kwa jiwe la kunolea hadi mkato ulingane na waya wako, ujaribu kwenye masalia ya mpingo kwanza. Briji nayo usiifunge kwenye 863.6 kwa nyuzi zote: uzi wa G uwe hapo, E irudi nyuma milimita kadhaa, kwa hiyo acha nafasi ya kusogeza.

Kwa mfuko wa shingo, yaani shimo la mwilini inapoingia shingo, bila ruta, toboa matundu mengi kwa drili, funga tepu kwenye kekee kuonyesha kina cha milimita 16, kisha safisha kwa patasi. Shingo iingie kwa kusukuma.

Randa_Kali

Mwalimu, kabla hujaupasua huo mninga, piga picha ya kichwa cha ubao, mistari ionekane, uiweke hapa. Tukuonyeshe pa kupitisha msumeno.